Fungua Mdomo

Shemeji yangu mkubwa alikuwa mkaguzi wa shule. Akastaafu kazi, lakini ukaguzi haukutoka mwilini mwake. Ukoo mzima humwita Mkaguzi, naye huitika kwa kifua mbele. Kwa miaka miwili alikuja nyumbani kwangu kila asubuhi kabla sijaenda kufungua duka, na koti lake la kijivu na kalamu mfukoni, akamsimamia mdogo wake, yaani mume wangu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akimeza kidonge.

"Kunywa maji. Bado, kunywa tena. Haya, fungua mdomo."

Mume wangu alifungua mdomo.

"Inua ulimi."

Akainua ulimi. Mkaguzi akainama, akachungulia mle ndani kama anayetafuta mwanafunzi mtoro chooni, kisha akaniambia mimi, si mgonjwa, "Safi." Halafu akavuta kiti akanywa chai yangu.

Ngoja nieleze dawa yenyewe ilikuwa ya nini, maana kwa miaka yote miwili hakuna hata mmoja wao aliyejua, na kutojua hakukumzuia mtu kutoa amri.

Mume wangu ni mpiga tarumbeta. Kwenye bendi wanamwita Mdomo. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni mtu wa maneno mengi, kumbe maneno anayosema kwa wiki mimi nayamaliza kabla ya kupiga mswaki. Walimpa jina kwa jinsi midomo yake inavyoikamata tarumbeta. Wapo wanaopuliza, na yupo yeye. Hata mimi nisiyependa kumsifu mtu nasema hivyo.

Kiongozi wa bendi anaitwa Kamanda, ingawa hajawahi kuwa askari hata wa kulinda geti. Huyu bwana alibuni mtindo wa kuwapandisha wapigaji nyuma ya pikapu, wasimame, wapige huku gari linatembea mbele ya msafara wa maharusi. Alisema ndio unaotia fora. Siku moja mbwa akakatiza barabara, dereva akafunga breki, na kila mtu kule nyuma akashika alichoweza kushika: mmoja chuma, mwingine shati la mwenzake. Mume wangu alishika tarumbeta. Akatua kwa kichwa kwenye ukingo wa barabara. Tarumbeta haikupata hata mkwaruzo, na Kamanda alilitaja jambo hilo hospitalini kama habari njema.

Fuvu lilipata ufa na damu ikavuja ndani. Alilala hajitambui. Daktari aliyempokea, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimwekea dawa kwenye dripu palepale, akatugeukia mimi na Mkaguzi tuliokuwa tumesimama kando ya kitanda.

"Ubongo ukiumia namna hii, siku za mwanzo unaweza kumletea kifafa," alisema. "Na kifafa wakati huu kinauongezea ubongo taabu. Dawa hii ni ya kukizuia, ndiyo maana tunaiwahi. Ni ya wiki hii ya kwanza tu. Akifika salama, tunaisimamisha."

Nilisikia kila neno. Mkaguzi naye alisikia, ila masikio yake yalifunga duka daktari alipofika kwenye neno kifafa.

Wiki ilipita salama. Mume wangu aliamka, akanitambua, akauliza tarumbeta iko wapi kabla ya kuuliza watoto wako wapi. Kufikia hapo yule daktari kijana alikuwa amehamishiwa wadi nyingine. Aliyeturuhusu kwenda nyumbani alikuwa mwingine kabisa, mwenye haraka. Akatazama kilichokuwa kwenye dripu, akakigeuza kuwa vidonge, akatupa mfuko.

"Daktari, si tuliambiwa dawa hii ni ya wiki moja?" nikauliza.

"Mliambiwa na nani?"

Jina sikulijua.

"Mama, dawa za kichwa hazichezewi," akasema, akaenda zake. Mkaguzi aliichukua sentensi hiyo akaifanya wimbo wa taifa.

Kisha zikaanza kliniki. Ningependa nikwambie kwamba kila daktari aliyetuona alikosea kwa namna yake, lakini wote walikosea kwa namna moja, kama watu wanaopokezana ndoo. Unakaa kwenye benchi mpaka mgongo uote kutu, unaitwa, unaingia, unakuta mtu ameinamisha kichwa.

"Amepata kifafa tena?"

"Hajawahi kupata."

"Vizuri sana. Basi dawa inafanya kazi. Endeleeni."

Basi. Hata kichwa hakuinua. Zamu nyingine unamkuta mwingine, naye anauliza "tena", naye anasema "endeleeni." Mimi nauza vipuri vya magari. Akija mteja akaniambia tangu abadilishe taa gari lake halijawahi kugongwa na treni, nitamuuliza treni inapita wapi mtaani kwake. Lakini mteja wangu havai koti jeupe, kwa hiyo nina ruhusa ya kumcheka.

Dawa ilikuwa inafanya kazi kweli, ila si ile waliyodhani. Mume wangu alianza kuyumba akitembea. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe alikatiza mtaa akipepesuka, na majirani wakanipa pole kwa sauti ya chini, ile pole yenye utamu ndani yake. Macho yakaanza kumwonyesha vitu viwiliviwili. Alikuwa akikaa mbele ya karatasi ya muziki akifunga jicho moja. Akawa mzito, ukimuuliza jambo unapata muda wa kusuka nywele kabla hajajibu.

Halafu fizi. Zilianza kuvimba polepole, zikashuka juu ya meno kama unga uliozidi hamira, nyekundu, zikitoka damu kwa kuguswa tu. Mpiga tarumbeta hubana midomo kwenye meno yake. Ule ndio msingi, bila huo hakuna nyumba. Mume wangu alipobana, maumivu yalimtoa machozi na hewa ikavujia pembeni. Noti ya juu aliyokuwa akiikamata kama mtu anayechukua kikombe mezani ikawa haitoki kabisa. Ilitoka pumzi tu, pumzi na mate.

Kamanda alimvumilia kidogo, akamhamishia kwenye matoazi, na macho yalipokosea matoazi, akamfanya mtu wa kupanga viti. Kiti cha tarumbeta ya kwanza akampa mpwa wake, kijana mwenye bidii aliyekuwa akipiga kama lango la chuma lisilotiwa mafuta.

Na Mkaguzi? Mkaguzi aliziona fizi kila asubuhi. Alikuwa karibu nazo kuliko daktari yeyote. Akaamua kwamba mdogo wake hapigi mswaki vizuri. Akaleta mswaki mgumu, wa kufaa kusugulia viatu, akawa anakagua na meno.

"Shemeji," nikamwambia siku moja, "na fizi hizi zinaweza kuwa zimetokana na dawa."

"Dawa za kichwa hazichezewi."

"Sijasema kuzichezea. Nimesema zimemchezea yeye."

"Wewe unauza vipuri, shemeji," akasema kwa upole ule wa kumfundisha mtoto. "Kila mtu na fani yake."

Nilimdharau Mkaguzi kwa roho safi, wala haikunipa taabu. Kilichonipa taabu ni kwamba nilianza kumdharau mume wangu. Niseme tu. Nilimtazama akifungua mdomo, akiinua ulimi, damu ikiwa kwenye meno, nikasema moyoni: huyu ni mwanamume au droo ya kabati? Yeyote anayepita anavuta na kuangalia ndani. Sikuwa na shida kumpikia, kumshika mkono akiyumba, kumsomea gazeti. Shida yangu ilikuwa zile asubuhi. Niliogopa kwamba tarumbeta isiporudi, yeye mwenyewe hatarudi, na mimi nitazeeka na mtu anayesubiri kuambiwa "safi."

Nilimpeleka kwa daktari wa meno bila kumwambia Mkaguzi. Daktari wa meno alikuwa mtu mnene anayehema akiinama, na redio yake ilikuwa ikitangaza mpira. Alimwambia mume wangu afungue mdomo, na nilisikia uchungu jinsi alivyoufungua haraka, kwa mazoea.

Hakusema lolote kuhusu mswaki. Alizima redio.

"Anatumia dawa ya kifafa?"

"Ndiyo."

"Hizi ni fizi za dawa hiyo. Wapo watu inaowafanya hivi. Kifafa kilimwanza lini?"

"Hana kifafa."

Alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Sasa anatibiwa nini?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miaka miwili, kliniki baada ya kliniki, na mtu wa kwanza kuuliza swali hilo ni mtu wa meno. Alingoja nimalize kucheka, akatuelekeza kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ubongo.

Huyo alikuwa mwanamke mwembamba, chumba chake kina feni inayolalamika na dirisha linaloangalia maegesho. Mkaguzi alikwishapata habari, na akaja. Usiniulize alizipataje, mtu huyu ana macho kisogoni. Daktari alimpima mume wangu, akamtembeza kwenye mstari wa vigae, akamwomba afuate kidole kwa macho. Kisha akatuuliza sote.

"Nani kati yenu amemwona akipata kifafa? Hata mara moja."

Feni ililalamika peke yake.

"Hajapata," Mkaguzi akasema hatimaye, "kwa sababu ya usimamizi."

"Usimamizi wa nani?"

"Wangu."

Daktari akamgeukia mume wangu. Lilikuwa jambo jipya, mtu kumwambia mgonjwa habari za mgonjwa. "Baba, dawa hii ina wakati wake. Kichwa kikiumia vibaya, mgonjwa akipewa mapema, inapunguza kifafa cha siku za mwanzo. Hapo inasaidia. Lakini kifafa kinachokuja baadaye, baada ya miezi au miaka, hakizuiliki kwa kumeza dawa hii kabla. Si kitu cha kuweka akiba. Kikija, kama kitakuja, ndipo tunaanza kutibu. Kisipokuja, unakula madhara bure."

"Kinaweza kuja?" mume wangu akauliza.

"Kinaweza. Siwezi kukudanganya. Wengi hakiwajii."

"Basi kinga ni kinga!" Mkaguzi akajipiga goti kwa kiganja.

"Mzee, nimetoka kusema haikingi."

"Lakini akiendelea, kuna ubaya gani?"

Daktari alinyoosha kidole kwenye mdomo wa mume wangu. Nilimpenda mwanamke yule kama ndugu.

Akatueleza kwamba dawa haikatwi ghafla, maana ubongo ulioizoea unaweza kuasi. Itapunguzwa polepole. Mimi akanifundisha la kufanya ikitokea kifafa: nimlaze ubavu, nitoe vitu vigumu karibu yake, nisimbane, nisimtie kitu mdomoni, na kisipoacha haraka nikimbilie hospitali.

Mkaguzi aliitisha kikao cha ukoo sebuleni kwangu, kwenye makochi yangu, akanywa soda yangu. Alizungumza kuhusu wajibu. Shangazi mmoja aliyelala nusu ya kikao akaamka kusema yeye anaona tuendelee tu. Kisha wote wakamgeukia mume wangu, kumbe walikumbuka kwamba kichwa ni chake.

"Wewe unasemaje?"

Akatazama mikono yake. "Sijui," akasema.

Niliuma meno. Nikasema mimi: kuanzia kesho tunafuata maneno ya daktari, na asiyetaka mlango ni ule. Mkaguzi alisimama akafunga vifungo vya koti, akatamka kwamba likitokea la kutokea, yeye hayumo. Vidonge vilivyozidi kipimo kipya akavitia mfukoni, ati akiba. Kesho yake asubuhi alikuja kama kawaida kukagua kipimo kilichopunguzwa. Alikuja mpaka dawa ikaisha, na ilipoisha aliendelea kuja, akakaa mezani hana cha kukagua, akichungulia sufuria zangu.

Kuyumba kuliisha kwanza. Macho yakaungana, kitu kimoja kikawa kimoja. Majibu yake yakarudi kwenye ucheleweshaji wake wa kuzaliwa, ambao nimeuzoea. Fizi zilichukua muda mrefu, na pale zilipogoma, yule wa meno alizipunguza kwa mkono wake, akihema. Ndipo nilipoanza kusikia mlio kutoka chumba cha nyuma. Mwanzoni ni kile kipande cha kupulizia peke yake, bila tarumbeta, kikilia kama nyuki kwenye chupa. Kisha tarumbeta, noti moja ndefu ya chini, nyingine juu yake. Alipanda kwa wiki nyingi, kama anayejaribu ngazi ambayo hajui kama imeoza. Siku alipoifikia ile ya juu nilikuwa najaza risiti za duka mezani. Nikaacha. Sikwenda kumpongeza, asije akaharibika, lakini niliacha kalamu nikalia kidogo.

Kamanda hakutaka kumrudishia kiti. Alisema watu wameshamzoea mpwa wake, kama vile watu huzoea kuumwa jino. Aliyemaliza ubishi ni kijana mwenyewe. Siku ya mazoezi alimsikiliza mume wangu mpaka mwisho wa kipande, akainuka, akasogeza karatasi zake kwenye kiti cha pili. "Kaa, mzee," akasema. Ni mtu pekee mwenye adabu katika bendi nzima, nami nilimwombea Mungu amjalie pumzi.

Walipiga harusi, wakapiga mahafali, wote wakiwa wamekaa kwenye viti vilivyo juu ya ardhi isiyotembea. Mimi nilisimama nyuma kabisa na mkoba wangu. Alipochukua ile noti ya juu watu waliacha kutafuna. Nilimwona mume wangu akiishikilia, macho yamefumba, mwili wake wote ukiwa wake, nikajua amerudi.

Kisha kikaja.

Ilikuwa mchana, ukumbini kwao, mapumziko ya mazoezi. Nilikuwa nimemletea koti la sare nililolitengeneza kifungo. Alikuwa ameketi akicheka jambo na yule kijana, tarumbeta mkononi. Vidole vikaanza kupiga vitufe vyenyewe, haraka, bila wimbo. Mdomo ukavutwa upande mmoja. Alinitazama, wala hakuwa ananiona. Akaanguka pamoja na kiti, mwili wote ukatikisika, na tarumbeta ikaruka ikagonga sakafu.

Nilimlaza ubavu. Nikakunja koti chini ya kichwa chake, nikasukuma viti. Kamanda akaja mbio na kijiko.

"Mtie mdomoni! Atameza ulimi!"

Nilimpiga mkono kijiko kikaenda chini ya spika. "Ukimtia kitu mdomoni nitakitia kwako!"

Kilipoacha alilala kama mtu aliyetoka kubeba nyumba. Kijana aliokota tarumbeta. Safari hii ilikuwa imebonyea shingoni.

Mkaguzi alifika hospitalini na koti la kijivu. Hakuja kumtazama mgonjwa, alikuja kutazamwa. Alisimama mlangoni mwa wadi, akasema neno alilolitunza kwa miezi yote ile.

"Nilisema."

Nyuma yake yule shangazi akatikisa kichwa, na Kamanda akatikisa, mtu wa pikapu na kijiko, naye alisema alikuwa amesema. Hakuna kiumbe asiyevumilika kama mjinga aliyebahatika. Lakini nitasema ukweli wote: niliogopa. Nilitazama shavu la mume wangu lililochubuka nikajiuliza kama mimi ndiye niliyemfikisha pale, kwa kiburi changu, kwa chuki yangu ya kikombe cha chai.

Daktari bingwa alikuja mchana uleule. Wakamzunguka. Mkaguzi alianza na "Kama nilivyosema," na daktari akampita kana kwamba ni stuli, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Mume wangu alikuwa ameamka, ulimi umeumwa, sauti nzito.

"Daktari, ningeendelea na zile, hiki kisingekuja?"

Nilishika chuma cha kitanda.

"Kwa mtu mmoja siwezi kuapa," akasema. "Lakini kwa wengi waliofuatiliwa, kuendelea kuzimeza hakukuzuia kifafa cha baadaye. Yaelekea kingekuja vilevile, ukiwa na fizi zile."

Mume wangu alipapasa shavu lililochubuka, kwa mwendo wake.

"Basi nilivyopiga ni faida," akasema.

"Sasa mambo ni mengine," daktari akaendelea. "Kifafa kimekuja chenyewe, muda mrefu baada ya ajali. Kinaweza kurudi. Sasa ndipo dawa inapoanza, na hii tutaendelea nayo. Nimechagua aina nyingine, isiyogusa fizi. Usiikose hata siku."

"Kwa hiyo tumerudi kulekule nilikosema," Mkaguzi akauambia umati.

"Hapana, mzee," daktari akasema akiinuka. "Kule hatujawahi kufika mpaka leo."

Hakuna aliyemwelewa. Niliwaona wakitoka kwenye korido wakimpongeza Mkaguzi, wengine wakimshika mkono, kama mtu aliyefaulisha shule nzima.

Tuliporudi nyumbani, asubuhi ya kwanza, alikuwa mlangoni kabla ya maji kuchemka. Koti la kijivu, kalamu mfukoni, na mkononi mfuko wa vidonge vya zamani, vile vya akiba. Alifurahi mtu huyu. Uso uling'aa kama wa bwana harusi.

"Hivyo vipya atumie," akasema, "lakini na hivi tusivitupe. Vina historia." Akauweka mfuko mezani, akavuta kiti, akakaa mbele ya mdogo wake. "Haya. Kunywa maji."

Mume wangu alitoa kidonge kwenye pakiti mwenyewe. Akakimeza, akanywa maji, akaweka glasi. Mimi nilikuwa kwenye jiko nimewapa kisogo, maana sikutaka kuona.

"Fungua mdomo," Mkaguzi akasema.

Sikusikia ile "Safi." Nikageuka.

Mume wangu alikuwa amefumba mdomo. Alimtazama kaka yake bila hasira, kama mtu anayetazama saa. Akauchukua mfuko wa vidonge vya zamani pale mezani, akaufunga vizuri kwa fundo, akautia kwenye mfuko wa koti la kijivu na kuupigapiga ukae sawa.

"Hizi zilikuwa dawa zako, kaka," akasema. "Hii ni yangu."

Mkaguzi alibaki ameinama, shingo mbele, tayari kuchungulia. Aliangalia kwangu kutafuta mkaguzi mwenzake. Mimi ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nimeweka maneno ya kumwambia, makali kwa mafungu, nilitafuta hata moja nisilione. Yote yalikuwa yamekwisha kusemwa, na aliyeyasema hakuwahi hata kupandisha sauti.

Nilimmiminia shemeji chai akanywa amesimama. Chumba cha nyuma kikaanza kulia: noti ndefu ya chini, ikikwaruza kidogo pale shingo ilipobonyea, kisha nyingine juu yake.